Wa Kwanza Kung'ata

Nyumbani, 6 Aprili

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye amekaa hapa ubavuni akinikagua kama naandika kweli au nachora tu. Hatujambo kwa kiasi chetu. Goti la Mama limetulia, ila masikio yamezidi kuziba. Ukimwambia jambo inabidi uliseme mara mbili, na mara ya pili anakuuliza kwa nini unampigia kelele. Ndiyo maana hataki kabisa ile simu ya dukani. Anasema simu inamnong'oneza na kukimbia, barua inamsubiri. Kwa hiyo barua zako nitamsomea mimi, kwa sauti ya muuza samaki, na mtaa mzima utapata habari zako bure. Andika ukijua hivyo.

Cherehani yangu bado inakwenda. Nimemaliza zile sare za shule nilizokuwa nazo tangu kabla ya msiba, na wenyewe wamekuwa wema, hakuna aliyenisukuma. Nyumba imekuwa kubwa mno, wifi. Sikujua kwamba mtu mwembamba kama ndugu yako Msumari anaweza kujaza nyumba kiasi kile. Siku hizi hata wanaokuja kushonewa wanaongea polepole, kama wamekuja kumtazama mgonjwa. Walizoea kututania kwamba nyumba ya Msumari na Sindano mtu asikae bila kutazama chini. Sasa wanakaa bila kutazama.

Tulipata ujumbe wako kwamba ruhusa ya kuja mazishini ilikuwa ngumu. Sikuulizi kuhusu hilo.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mahindi ya ndugu yako yameota. Yale ya nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jiko na karakana yake ya useremala. Aliyapanda wiki ile ya mwisho alipopata nguvu kidogo akataka kutoka nje. Niliposikia mvua inagonga bati baada ya mazishi nilidhani mbegu zitaoza, kumbe zilikuwa zinafanya kazi yake. Asubuhi moja nilifungua mlango wa nyuma kumwaga maji, nikakuta kijani kimesimama. Nilishindwa kuyamwaga maji, nikarudi nayo ndani.

Sasa sheria ya nyumba hii unaijua kuliko mimi, maana wewe ulizaliwa nayo, mimi niliikuta. Aliyepanda ndiye anayeng'ata kwanza. Hindi la kwanza likitoka motoni hapewi mgeni, hapewi mtoto, hapewi hata Mama. Anang'ata aliyepanda, anatafuna taratibu huku watu wote wanamwangalia mdomo, halafu anasema, "Shamba limekubali." Ndipo mikono mingine inanyooka. Mwaka ule nilioolewa nilinyoosha wangu mapema, ukanipiga vidole mbele ya mume wangu mpya. Kofi hilo bado nakudai.

Basi mwaka huu atang'ata nani? Nimemuuliza Mama, akaniambia mahindi yenyewe hayajafika magotini, mimi nauliza mdomo. Mimi nadhani ni wewe, ndugu wa tumbo moja. Njoo yatakapokuwa tayari.

Na jingine dogo. Baba mdogo alipita hapa, akanywa chai, akatembea vyumbani akigonga kuta kwa kidole kama daktari anayegonga kifua. Akaniuliza nitarudi kwetu lini. Anasema hatukujaliwa mtoto, na nyumba hii marehemu kaka yake aliwaachia wanawe, na mwana aliyebaki ni wewe. Aliuliza kwa upole. Nikamwambia nitakuandikia, na sasa nimekuandikia.

Mama anasema ule.

Ni mimi, Sindano wenu.


Chumbani kwangu, 9 Mei

Kwa wifi mwenye kofi lake,

Shikamoo ya Mama iwe ya kwanza, msomee kwa nguvu. Wewe hujambo? Barua yako ilikaa ofisini kwetu chini ya makaratasi ya msimamizi mpaka alipotafuta miwani yake. Usinihesabie mimi ukimya huo wote, mwingine mhesabie yeye.

Mimi mzima. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali haina msimu wa kupumzika, watu hawaugui kwa zamu. Mashine moja ya kukaushia imeharibika, kwa hiyo tunaanika juu ya paa, na upepo ukija mashuka yote yanapiga makofi kama tumeshinda kitu. Vidole vyangu vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyelala mtoni. Mwambie Mama nakula vizuri na nimenenepa. (Hapa ruka, usimsomee: sijanenepa. Lakini nakula.)

Nimefurahi mahindi yameota. Yaangalieni sana yakianza kubeba. Kaka huwa hapendi yakomae mno, anapenda ukibonyeza punje kwa ukucha itoe maziwa. Ikishapita hapo anasema hiyo ni kazi ya kinu, si ya meno. Na msiyaweke kwenye moto unaowaka, huwa anakasirika. Makaa yashike majivu kwanza.

Ruhusa huku bado ni ngumu, lakini nitaona. Yasubirini tu. Mahindi hayana miguu.

Wasalimie wote wa nyumba hiyo.

Wifi yako, mwenye vidole vyeupe.


Nyumbani, 24 Mei

Wifi yangu,

Salamu zimefika na shikamoo imepokewa. Mama aliitikia marahaba kana kwamba uko mlangoni, akaniuliza mbona huingii.

Nilipomaliza kumsomea nilikaa na barua yako peke yangu, nikaigeuza nyuma nikitafuta ukurasa uliopotea. Haukuwepo. Swali la baba mdogo hukuligusa, basi nami nitaliweka palepale lilipo. Halafu unaandika kaka huwa hapendi, kaka anasema. Sikulisahihisha nilipomsomea Mama. Nilisoma kama ulivyoandika, naye akatikisa kichwa kukubali, na kwa dakika ile sote watatu tulikuwa naye.

Mahindi yamepanda juu kunizidi. Yametoa mbelewele, na ukipita katikati unatoka na unga wa njano kichwani. Ila mstari wa chini, ule wa karibu na bomba, kuku wa jirani waliufukua wote ukiwa bado mchanga. Nilifukia mbegu nyingine baadaye. Miche hiyo bado mifupi, inatazama wenzake kama watoto waliochelewa shule.

Siku hizi Mama anahamisha kiti chake dirishani tangu asubuhi, anayatazama. Ana utani mmoja ameung'ang'ania. Anasema mistari imepinda. "Mwanangu hakuwahi kupinda mstari," ananiambia, "hata wa kuchora chini kwa kijiti." Halafu ananitazama mimi kama vile niseme kitu. Mimi namwambia mgonjwa hapimwi kwa futi. Anageukia dirisha, na kesho yake anarudia.

Futi nimeitaja kwa sababu. Baba mdogo alikuja tena, safari hii akaingia karakanani akaichukua futi ya Msumari pale inapotundikwa, akapima chumba cha mbele. Anasema anamfahamu mtu anayetafuta chumba chenye dirisha la barabarani. Hicho ndicho ninachoshonea. Aliondoka na futi mfukoni, nadhani kwa kusahau. Mama alikuwepo, amekaa mbele yetu. Sijui alisikia au hakusikia. Niligeuka kumtazama aseme neno moja tu, akaniambia, "Niletee maji ya kunywa." Nikamletea. Akanywa yote, akanirudishia kikombe mkononi, basi.

Sijanung'unika kwa mtu yeyote ila wewe. Nimeacha kupokea vitambaa. Huwezi kumpima mtu gauni kama hujui utalimalizia wapi.

Fanya uje, wifi. Miguu hayana, lakini yanakwenda.

Ni mimi, Sindano.


Chumbani kwangu, 15 Juni

Kwa Sindano na Mama,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Kikohozi nilichokuwa nacho kimeniachia, na mashine imetengenezwa, sasa inakausha mpaka vifungo vinapasuka.

Nisikilizeni mkasa. Jumamosi nilitoka kazini nikapita sokoni kutafuta nyanya, nikakuta mama mmoja ameshusha gunia la mahindi mabichi, bado yana maganda ya kijani na nywele zinazonata. Sijui nilipatwa na nini. Miaka yote niliyokaa huku, kila kona wanachoma mahindi, na sijawahi kununua hata moja. Wenzangu wanadhani yananidhuru tumbo. Ningewaelezaje kwamba kwetu mtu hatii hindi mdomoni bila kujua nani kalipanda na kama ameshang'ata? Wangenicheka mpaka mashuka yakauke bila mashine.

Nikanunua. Nikawasha jiko la mkaa kwenye ukumbi wa vyumba vyetu, karibu na dirisha, nikafanya kama kaka anavyofanya. Kwanza nikayaacha na ganda la ndani yajipike kwa mvuke wake. Halafu nikayavua, nikayalaza juu ya makaa yaliyoshika majivu, nikawa nayageuza kwa vidole na kuvipuliza. Sikuwa na kile kipande chake cha mbao cha kupepea, nikatumia mfuniko wa sufuria. Punje zikaanza kulia moja moja. Moshi ukajaa ukumbi mzima. Mama mwenye nyumba akatoka bafuni na povu masikioni, akiuliza nani anataka kutuchoma hai. Kisha akanusa, akageuza ndoo akaikalia. Majirani nao wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

La kwanza likaiva, wifi. Lilikuwa na madoa meusi upande mmoja tu, kama anavyopenda. Watu wote wakanitazama mimi niliyelichoma. Nikalisogeza mdomoni na mdomo ukakataa kufunguka. Sikulipanda mimi. Nililishika mpaka likaanza kupoa, mwishowe nikampa mama mwenye nyumba, nikasema jino linaniuma. Alilitafuna lote na kunisifia mkono.

Ule moshi ulikuwa wa nyuma ya nyumba yetu. Ulikuwa wenyewe kabisa. Niliogopa kugeuka, maana nilijua amekaa kwenye kigoda nyuma yangu.

Ninakuja. Nimeshaongea na msimamizi. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu washeni moto, mimi nitafika na moshi.

Wifi yako.


Nyumbani, 7 Julai

Wifi,

Hatujambo. Mama anakusalimu. Salamu nimezitimiza.

Jumapili uliyoisema tuliamka mapema. Mama alitaka nguo yake ya zambarau, ile niliyomshonea ya kuvaa siku kubwa, na akataka nimchane nywele. Nilikitoa kigoda cha Msumari karakanani nikakifuta vumbi, nikakiweka mahali pake. Nikawasha moto kwa maranda ya mwisho ya mbao zake, yale aliyoyasogeza pembeni kwa ufagio siku alipoifunga karakana. Nikavunja mahindi yaliyojaa vizuri nikayapanga kwenye ungo. Nilibonyeza moja kwa ukucha, likatoa maziwa.

Tukakaa. Kila geti lilipolia nilinyanyuka. Mama geti halisikii, yeye alikuwa anautazama uso wangu tu, asubuhi yote, hakuyaondoa macho. Moto ukashika, ukawa makaa, makaa yakashika majivu, yakawa majivu matupu. Nikaongeza mkaa, ukaisha nao. Jua lilipohamia upande wa pili wa ukuta, Mama akasema niingize kigoda, umande utakiharibu. Akaenda kuvua nguo yake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Yale mahindi nikampa jirani. Kuku wake hawakuuliza nani alipanda.

Sasa nikuambie kitu nilichokimeza. Siku ile ya mazishi msimamizi wako alipiga simu dukani. Alitaka kujua kama umefika salama, maana alikuwa amekupa ruhusa ya wiki nzima. Mwenye duka alinifuata nikiwa bado na udongo viatuni. Nilimwambia ajibu kwamba umefika, umechoka, umelala. Tangu hapo nimekubeba hivyo hivyo, umelala, na Mama sijamwambia. Sikutaka kulisema. Leo limenitoka kwa sababu nina hasira na wewe, na hasira yangu haina mahali pengine pa kwenda.

Mahindi yameanza kukauka. Maganda yanageuka rangi ya karatasi na upepo ukipita yanachakarisha. Mwanzoni nilidhani ni mtu anatembea. Baba mdogo ameleta habari kwamba mpangaji wake yuko tayari mwisho wa mwezi ujao. Cherehani nimeifunga kwa kamba. Nguo zangu zinaingia kwenye lile sanduku nililokuja nalo, na bado lina nafasi.

Naomba neno moja, wifi, uliandike kwa wino: nikae au niondoke. Nimeishi katika nyumba hii miaka mingi kuliko niliyoishi kwa wazazi wangu. Sitaki kukaa kama kupe. Lakini sitaki pia kufukuzwa na ukimya. Ukinifukuza wewe kwa mdomo wako nitakwenda na nitaendelea kukuita wifi.

Sindano.


Chumbani kwangu, 16 Julai

Sindano,

Kaa.

Hilo ndilo neno, na nilipaswa kuliandika tangu barua yako ya kwanza. Kila nilipotaka kulijibu swali la nani akae, niliona ni lazima kwanza niseme nani hayupo. Kalamu ikawa inazunguka kwenye mashuka na mashine.

Siku ya mazishi nilifika stendi, mkoba mkononi. Jumapili ile pia nilifika. Mara zote mbili nilisimama mpaka basi likaondoka. Nilijiambia kwamba nikifika nitakuta kigoda kitupu, na nisipofika bado kuna mtu amekikalia. Sina utetezi mwingine, na huu sio utetezi. Asante kwa kunilaza usingizi mbele ya msimamizi wangu. Ulikuwa na udongo viatuni na ukanikumbuka mimi.

Kaka yangu amekufa. Ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Baba mdogo nimemwandikia kwa heshima zake zote. Nimemwambia nyumba ina mwenyewe anayeishi ndani, haitafuti mpangaji, na aitundike futi ya kaka yangu pale alipoitoa. Wewe fungua cherehani. Na yakiwepo mahindi hata mawili yenye maziwa, choma, ung'ate wewe.

Hii msomee Mama yote. Usiruke.

Wifi yako.


Nyumbani, 18 Agosti

Wifi yangu, kitindamimba wa watu,

Salamu hizi zikukute umekaa, na kama umesimama tafuta ndoo. Mama ni mzima na ana hamu ya kugombana, ambayo ndiyo afya yake. Baba mdogo alikuja mwenyewe na futi, akaitundika, akanywa chai mpaka chini ya kikombe, hakugonga ukuta hata mmoja. Alipoaga aliniuliza kama naweza kumpunguzia suruali kiunoni. Nimeipokea.

Barua yako nilimsomea yote, sikuruka. Nilipofika pale pa kaka yako Mama alinishika mkono nisite kusoma. Kisha akasema niendelee. Ya stendi aliyasikiliza amefumba macho, akasema, "Mtoto hanikimbii mimi. Anakikimbia kigoda." Sidhani kama ana kinyongo.

Halafu akataka nilirudie lile neno la juu. Nikalisema kwa nguvu: Kaa. Akauliza, "Nani kamuuliza?" Nikamwambia nimeuliza mimi. Wifi, tangu niolewe sijawahi kumwona Mama amekasirika namna ile.

Akaniuliza mahindi yale alipanda nani. Nikasema Msumari. Ndivyo nilivyokuandikia hata wewe, na ndivyo nilivyomwambia kila mtu, mpaka mwenyewe nikaanza kuliona jembe mikononi mwake. Nilitaka liwe shamba lake la mwisho, si langu. Mama akanyoosha kidole dirishani.

"Yaliyoziba ni masikio," akasema. "Mwanangu alikaa kwenye kigoda na blanketi lake, anaonyesha kwa kidole. Aliyeinama ni wewe. Miezi yote hii nakuambia mstari umepinda, nangoja useme ni wako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia ning'ate, yakaiva na kukauka machoni mwetu. Hapo sauti yake ikashuka. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nataka uyahifadhi pamoja nami.

"Anayeambiwa ang'ate ni mgeni," akasema. "Mwenyewe haambiwi. Jumapili ile nilivaa zambarau kwa ajili yako. Nikakutazama mpaka jua likahama, nawe ulikuwa unalitazama geti. Nikajua mkwe wangu anatafuta pa kutokea."

Nikamkumbusha ile siku ya futi, kwamba nilimtazama anitetee akaomba maji. Akasema aliniomba maji mimi, mbele ya shemeji yake, kwa sababu mtu akiwa na kiu humwomba mwenye nyumba. Baba mdogo hakuelewa, na mimi sikuelewa zaidi yake. Hivyo ndivyo tulivyoishi, wifi, mimi nikingoja ruhusa, yeye akingoja niache kuingoja. Tulikula meza moja kila siku. Nilikaa chini sakafuni nikaweka kichwa kwenye goti lake bovu, na hakulalamika goti.

Baadaye akaniuliza mstari wa karibu na bomba unaendeleaje. Unakumbuka ule nilioufukia upya baada ya kuku? Nilikuwa sijautazama siku nyingi, nilikuwa na shughuli ya kufunga sanduku. Nikaenda. Wenzake wote wamesimama makavu, na huo bado kijani. Mahindi yenyewe ni mafupi, yana mapengo kama mdomo wa mtoto anayeota meno. Nikabonyeza kwa ukucha. Maziwa.

Maranda hayapo tena, nikawashia maganda makavu ya mistari ya juu. Yanawaka kwa fujo halafu yanatulia. Nikangoja makaa yashike majivu. Nilipokuwa nageuza nilichuchumaa pembeni, kama nilivyozoea. Mama nilikuwa nimemletea kiti chake nje, naye alikuwa anatazama kwingine kabisa, anausoma ukuta. Hakunikaribisha. Nikavuta kigoda nikakikalia. Ni kifupi, magoti yanakuja mpaka kidevuni, sijui Msumari aliwezaje na ile miguu yake. Nikachukua la kwanza nikaling'ata.

Lilikuwa la moto mno, likaniunguza ulimi, na nililia, wifi, nisikufiche. Nilitafuna huku nalia mpaka nikameza. Kisha nikasema, "Shamba limekubali." Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri. Mama, ambaye siku hizi hasikii radi, akanyoosha mkono apewe lake. Nilimkwangulia punje kwa kisu, akazila moja moja kutoka kiganjani mwangu.

Cherehani nimeifungua. Kamba yake nimeifungia mabua.

Ndani ya bahasha hii utakuta punje za mistari ya juu. Usizile, na usiziweke kwenye sanduku ukazitazama. Mvua zikikaribia nitaacha nafasi upande wa karakana, uchimbe mashimo yako mwenyewe, yapinde au yanyooke. Na kigoda sikirudishi karakanani. Kinabaki nje pale pale, na sio kitupu. Kuna wakati nakikalia mimi, na kuna wakati Mama anawekea mguu.

Sikukaribishi, wifi. Mlango unaujua.

Ni mimi, Sindano.